Mfupa Huunga Wenyewe: Muuguzi Hulinda Nini Katika Wodi ya Mifupa?

Ndugu wakija wodi ya mifupa saa ya kuona wagonjwa, swali la kwanza huwa moja: mfupa umeunga? Ni swali la haki, lakini kuunga ni kazi ambayo mwili huifanya wenyewe. Daktari anaurudisha mfupa mahali pake na kuuzuia usicheze, kwa plasta, kwa uzito wa kuvuta au kwa chuma. Baada ya hapo hakuna anayeweza kuuharakisha. Siku za mwanzo damu huvilia pale palipovunjika na chembe mpya huanza kuzaliana humo. Kufikia wiki ya pili au ya tatu, ncha mbili za mfupa zimeshikwa na tishu laini ya gegedu na nyuzi. Kisha chokaa inaingia, tishu inakakamaa na kuwa mfupa, na kwa miezi mingi inayofuata, pengine miaka, mwili huendelea kuuchonga mfupa huo mpaka ukaribie umbo lake la zamani. Mkono wa mtu mzima huhitaji takriban wiki 6. Paja au ugoko huhitaji wiki 12 au zaidi. Mtoto hutumia karibu nusu ya muda huo.

Kisichojilinda ni mwili uliobaki. Kwa wiki zote hizo mwenye mfupa huo ana ngozi, mapafu, utumbo, figo, mishipa ya damu, misuli na akili, na vyote hivyo vimezoea mtu anayeinuka na kutembea. Mlaze chali miezi miwili na kila kimoja kitaanza kuharibika kwa njia yake. Nimeona wagonjwa ambao picha yao ya eksirei ilipendeza, mfupa umenyooka na umeunga, lakini wakarudi nyumbani na kidonda cha makalio kinachoingia kiganja, au goti lisilokunja tena. Uuguzi wa mifupa ni kazi ya kuzuia hayo, na kwa sababu matunda yake ni mambo ambayo hayakutokea, watu wengi hawauoni.

Ulianza kuwa taaluma inayojitegemea kupitia mtu aliyekuwa mgonjwa wa kiungo yeye mwenyewe. Agnes Hunt, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1866, aliugua nyonga utotoni na akabaki mlemavu wa kutembea. Alisomea uuguzi, na mwaka 1900 akafungua nyumba ya kuwauguza wagonjwa huko Baschurch, katika jimbo la Shropshire, ambako watoto wenye mifupa na viungo vilivyoharibika walilazwa kwenye hewa ya wazi. Daktari wa upasuaji Robert Jones wa Liverpool akawa anakuja kuwatibu, na kazi yao ikazaa hospitali iliyohamia Oswestry mwaka 1921, ambayo mpaka leo ina majina ya wote wawili. Kazi ya Hunt inatufundisha jambo moja: daktari hukaa na mgonjwa dakika chache, muuguzi hukaa naye siku nzima, na kiungo hupona au kupotea katika hiyo siku nzima.

Saa za mwanzo

Tumchukue kijana wa bodaboda aliyegongwa akavunjika paja. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, inawafahamu vizuri wagonjwa wa aina hii, na hospitali za kanda kama KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza vilevile. Anafika akiwa anaongea, na nje huenda hana hata tone la damu. Ndani ya paja lake, hata hivyo, panaweza kuwa pamevilia lita 1 hadi 1.5 za damu. Ndiyo maana muuguzi anayempokea anahesabu mapigo ya moyo na kupima presha kabla hajaugusa mguu, na anarudia tena na tena. Mapigo yakipanda na ngozi ikawa baridi yenye jasho, mwili unaishiwa damu, hata kama presha bado inasoma vizuri.

Kisha anageukia vidole vya mguu. Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vingi vinavyofanyika wodini, na hakihitaji mashine. Muuguzi anagusa vidole kwa mgongo wa mkono wake na kulinganisha joto na la mguu mzima, ule usioumia. Anabonyeza ukucha mpaka rangi ikimbie, anaachia, na kutazama rangi inarudi baada ya muda gani. Sekunde 2 ni sawa, ikichelewa zaidi damu haifiki vizuri. Kwa watu wa ngozi nyeusi weupe hauonekani usoni mwa ngozi, kwa hiyo jicho lake liko kwenye kucha na kwenye nyayo. Anagusa kwa wepesi ngozi iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha pili na kuuliza, unasikia? Mwisho anasema: inua kidole gumba juu, kielekee kwako. Kidole kisipoinuka, huenda neva inayopita ubavuni mwa goti, chini kidogo upande wa nje, imebanwa na mfupa, bandeji au namna mguu ulivyolala. Neva hiyo ikikandamizwa kwa muda mrefu, mgonjwa atabaki akiburuza unyayo. Katika siku ya kwanza ukaguzi huu hufanyika kila saa, usiku na mchana, na baadaye hupunguzwa taratibu.

Wagonjwa hulalamika kuamshwa usiku kwa ajili ya vidole. Sababu ya kuwaamsha inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa hapa ndipo kiungo kinapoweza kupotea ndani ya usiku mmoja.

Misuli ya ugoko na ya mkono imefungwa kwa makundi ndani ya ala ngumu isiyotanuka, sawa na gunia lililoshonwa mdomo. Mfupa ukivunjika, damu na uvimbe vinajaa humo ndani. Gunia halitanuki, kwa hiyo mgandamizo unapanda mpaka unazidi nguvu ya damu kuingia kwenye mishipa midogo, na misuli inaanza kufa kwa kukosa hewa. Baada ya saa 4 hadi 8 kinachokufa hakirudi. Plasta iliyobana au bandeji iliyofungwa kwa nguvu huleta hali hiyohiyo kutoka nje. Mjerumani Richard von Volkmann aliueleza mwaka 1881 mkono uliojikunja vidole na kukauka kwa namna hii, na hadi leo mtoto aliyeanguka kwenye mwembe na kuvunjika juu kidogo ya kiwiko anaweza kuishia nao.

Dalili inayotangulia ni maumivu yasiyolingana na jeraha. Mgonjwa amepewa dawa, mfupa umeshatulizwa, lakini maumivu yanapanda badala ya kushuka. Ukikunjua vidole vyake taratibu anapiga kelele. Mapigo ya mshipa unyayoni bado yapo, na hapo ndipo wengi hudanganyika: mapigo yakishapotea muda umekwisha. Muuguzi anayejua kazi yake hamwambii mgonjwa ajikaze, wala haongezi dawa ya maumivu na kurudi mezani. Anaita daktari mara hiyo. Akisubiri, anahakikisha plasta au bandeji imepasuliwa mpaka ngozi ionekane, pamoja na pamba ya ndani, na anaushusha mguu ulingane na moyo, kwa sababu kuuinua sana kunazidi kuunyima damu. Tiba yenyewe ni kupasua ala ya misuli chumba cha upasuaji, usiku huohuo.

Lazima niseme jambo hapa kuhusu waunga mifupa wa jadi, maana wagonjwa wengi hupita kwao kwanza. Wapo wenye mikono ya uzoefu wa kweli, na watu huwaendea kwa sababu wako karibu, gharama yao inabebeka na wanazungumza na familia kwa heshima. Hatari yao kubwa ni vijiti vilivyofungwa kwa kamba ikakazwa, kisha mtu akaachwa siku tatu bila kukaguliwa vidole. Mtoto aliyefungwa hivyo, vidole vikawa baridi na vikageuka rangi, apelekwe hospitali leo. Muuguzi anayempokea asiipoteze dakika hata moja kumgombeza mama. Ukali huo ndio unaofanya mama mwingine achelewe zaidi.

Mguu uliovutwa

Zamani karibu kila paja lililovunjika lilitibiwa kwa kuvutwa, na katika hospitali nyingi za wilaya bado ni hivyo. Misuli ya paja ina nguvu. Mfupa ukikatika, misuli inazivuta ncha zake zipandane na mguu unafupika. Uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda unaishinda misuli hiyo na kuuweka mfupa kwenye mstari. Hugh Owen Thomas wa Liverpool, aliyemfundisha kazi Robert Jones, alibuni fremu ya chuma yenye duara juu ya paja na fito mbili ubavuni. Jones alihimiza itumike katika Vita Kuu ya Kwanza, na vifo vya askari waliovunjwa mapaja vikapungua sana. Fremu ya Thomas bado iko katika stoo za hospitali zetu nyingi.

Kwa mtoto, kamba huunganishwa na bandeji ya kunata iliyofungwa juu ya ngozi, na uzito lazima uwe mdogo. Ukipita kama kilo 5 ngozi inachunika. Kwa mtu mzima msumari mrefu hupitishwa kwenye mfupa wa ugoko, chini ya goti, na uzito hufikia karibu sehemu moja ya saba mpaka ya kumi ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 atavutwa na kilo 7 hadi 10.

Kwa macho ya mgeni, huyu ni mtu aliyelala tu. Muuguzi anaona mtambo mzima unaopaswa kufanya kazi saa 24. Uzito uning'inie huru, usiguse sakafu wala fremu ya kitanda. Kamba ipite ndani ya kapi na fundo lisikwame hapo. Miguu ya kitanda upande wa chini iinuliwe juu ya matofali, ili mwili wa mgonjwa wenyewe uvute upande wa pili. Bila hivyo atateleza mpaka unyayo uguse chuma, na kuanzia hapo hakuna kinachovutwa. Uzito hauondolewi wakati wa kumwogesha, kubadilisha shuka wala kumsogeza. Ndugu, msiuinue kwa huruma mkimwona anateseka. Ukiuinua, misuli inakaza, ncha za mfupa zinapanda tena, na maumivu ya usiku huo yanakuwa mabaya zaidi.

Pale msumari unapoingia na kutokea ni mlango wa vijidudu kuingia mfupani. Panasafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali au dawa, kwa pamba au shashi tofauti kila upande, na muuguzi anatazama wekundu, usaha, harufu, au msumari unaocheza. Msumari unaocheza ni habari ya kumpa daktari siku hiyohiyo.

Kuna namna ya kuvuta ambayo naipenda kwa sababu inakataa kumfanya mgonjwa gogo. Inaitwa Perkins. Sehemu ya chini ya godoro au ya kitanda inaondolewa, na mgonjwa, akiwa bado anavutwa, anakunja na kunyoosha goti mara nyingi kila siku. Mwanzoni analia. Muuguzi na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wanakaa naye, dawa ya maumivu ikiwa imetangulia kama nusu saa, wanahesabu naye. Goti linalofanya kazi halikakamai, misuli haisinyai, na mfupa wenyewe hunufaika na mwendo huo mdogo.

Njia hizi zinapungua kadiri vyuma vya ndani vinavyopatikana. Shirika la SIGN la Richland, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, hutoa chuma kinachopitishwa ndani ya uboho wa mfupa na kukazwa kwa skrubu bila kutegemea mashine ya eksirei chumbani mwa upasuaji, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazokitumia. Kwa muuguzi mabadiliko yake ni makubwa: mgonjwa ambaye angelala wiki nyingi anaketishwa kitandani kesho yake na kusimama kwa magongo muda mfupi baadaye. Kazi inahamia kwenye kidonda cha upasuaji, homa na kumpa moyo wa kukanyaga kwa kiwango alichoruhusiwa.

Ngozi, damu na utumbo

Kidonda cha kulalia huanzia ndani, pale ngozi na misuli vinapobanwa kati ya mfupa na godoro. Kwa aliyelala chali sehemu za hatari ni juu ya makalio, visigino, viwiko na kisogo. Mwenye fremu ya Thomas ongeza kinena na makalio pale duara linapogusa. Kanuni ya kugeuza kila baada ya saa 2 ni nzuri, lakini mwenye mguu unaovutwa hageuki. Huyo anafundishwa kujinyanyua: juu ya kitanda kuna mpini unaoning'inia, anaushika kwa mikono miwili, anakanyaga godoro kwa mguu mzima, na kuinua kiuno. Katika sekunde hizo chache muuguzi anapitisha mkono chini yake, ananyoosha shuka, anafuta makombo ya mkate, anahisi kama pana unyevu au joto. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Tafuta mahali penye joto kuliko jirani yake, pagumu au palipolegea, au palipokoza rangi.

Wodi nyingi huweka glovu zilizojazwa maji chini ya visigino. Zimefanywa kwa nia njema, lakini miongozo ya kuzuia vidonda haizipendekezi, kwa sababu glovu inabeba uzito wote katika eneo dogo. Mto uliowekwa chini ya shavu la mguu, kisigino kikaning'inia bila kugusa chochote, unafanya kazi vizuri zaidi, na unapatikana kila nyumba. Usisugue pia mahali palipokwisha kuanza kuumia ukidhani unarudisha damu. Unapasua mishipa midogo iliyobaki.

Hapo tunafika kwenye kuchua. Kwetu mguu ukivimba, mikono inakwenda kwenye chupa ya mafuta. Mgonjwa wa mifupa aliyelala muda mrefu akivimba shavu la mguu mmoja, pakawa na joto na maumivu, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kulichua bonge hilo kunaweza kulibandua likasafiri mpaka kwenye mapafu na kumuua mtu papo hapo. Muuguzi hulizuia mapema: anamwagiza mgonjwa apandishe na kushusha unyayo mara nyingi kila saa akiwa macho, anywe maji, ainuke mapema, na kwa walio hatarini anachoma sindano ya kuzuia damu kuganda kama ilivyoagizwa.

Kuna hatari nyingine inayofanana nayo kwa kuua na inayotofautiana nayo kwa muda. Siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya kuvunjika paja, matone ya mafuta ya uboho yanaweza kuingia kwenye damu. Kijana aliyekuwa akipiga stori jana anaanza kuhema, anachanganyikiwa, pengine anatokwa na vidoti vidogo vyekundu kifuani, kwapani au ndani ya kope. Mara nyingi kuchanganyikiwa ndiko ndugu hukuona kwanza, na wanadhani ni pombe, malaria au mambo ya kishirikina. Mwiteni muuguzi. Anahitaji oksijeni sasa hivi.

Utumbo hauzungumzwi, na kwa sababu hiyo unatesa. Dawa kali za maumivu na kulala chali huufanya ulegee. Zaidi ya hapo, mgonjwa anaona aibu kujisaidia kitandani katika wodi ya watu ishirini, kwa hiyo anaacha kula na kunywa makusudi. Mzee mwenye heshima zake hatakueleza hilo. Utaliona kwenye sahani inayorudi imejaa. Kukosa maji kunagandisha damu, kunaleta mawe kwenye figo na maambukizi ya mkojo, na kukosa chakula kunachelewesha mfupa. Kwa hiyo pazia linalovutwa kwa wakati ni tiba. Chombo cha kujisaidia kiingizwe kutoka upande wa mguu mzima, mgonjwa akijinyanyua kwa ule mpini, na kiondolewe mara anapomaliza. Ndugu wanaoleta chakula walete dagaa, maharage, mayai, maziwa, mboga za majani na papai, wasijaze chupa za soda. Sigara zikae nje. Moshi huchelewesha mfupa kuunga.

Ukifungwa plasta (POP) ukarudishwa nyumbani

Wagonjwa wengi zaidi hawalazwi. Wanafungwa bandeji gumu la plasta, wanapewa tarehe ya kurudi, basi. Plasta ikilowa hutoa joto, na mgonjwa aambiwe mapema kwamba litapita. Inashika kwa dakika chache lakini inakauka kabisa kwa siku 2 hadi 3, na mpaka hapo inabonyea. Ishikwe kwa viganja, isishikwe kwa ncha za vidole, kwa kuwa kila kibonyeo cha kidole kinabaki ndani na kuchimba kidonda. Ilazwe juu ya mto, iachwe wazi ipate hewa, isikaushwe kwa jiko la mkaa.

Kuwasha kutakuja wiki ya pili, na hapo watu hutafuta kijiti, sindano ya kufumia, waya, rula. Kidonda kinachochimbwa ndani ya plasta hukioni. Utakisikia kwa harufu. Harufu mbaya, doa linalopanuka, joto mahali pamoja, au maumivu makali yaliyokuwepo na ghafla yakaisha bila sababu, vyote ni vya kurudi hospitali. Hicho cha mwisho huwafurahisha watu, na kumbe ngozi pale imekufa ganzi. Vidole vikivimba, inua mguu juu ya mito na chezesha vidole. Vikibaki vya baridi, vya ganzi au visivyochezeka, usisubiri asubuhi.

Viungo vinavyouma bila kuvunjika

Wagonjwa wa baridi yabisi, jongo na viungo vilivyochakaa wanahitaji uuguzi wa namna nyingine, wa miaka badala ya wiki. Kiungo kilichochakaa huuma zaidi kwa kazi na kutulia kwa kupumzika. Baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo huamka na mgonjwa: vidole vimekakamaa asubuhi kwa saa nzima au zaidi, kushika kikombe ni kazi. Muuguzi akilijua hilo hamwogeshi mgonjwa huyu saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu tu ratiba ya wodi inasema hivyo. Anampa dawa, maji ya uvuguvugu, na muda.

Dawa inayotumika sana kwa ugonjwa huo, methotreksati, humezwa mara moja kwa wiki. Nalisisitiza hili kwa nguvu zote, kwa kuwa nchini kwetu vidonge karibu vyote ni vya kila siku na mkono una mazoea yake. Ikimezwa kila siku inaharibu uboho na inaua. Muuguzi mzuri anachagua siku pamoja na mgonjwa, Jumatatu kwa mfano, anaiandika kwenye pakiti, na anamwambia na mtu wa nyumbani kwake. Diklofenaki, dawa ya maumivu inayonunuliwa duka la dawa bila cheti, nayo ina bei yake: vidonda vya tumbo, figo, presha. Ukimuuliza mgonjwa anatumia dawa gani, muulize pia ile ya dukani na ile ya jirani.

Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye moto, pamoja na homa, kisichukuliwe kuwa jongo mpaka daktari aseme. Usaha ndani ya kiungo hula gegedu kwa siku chache. Kwa mtoto mwenye selimundu, maumivu ya mfupa pamoja na homa yanaweza kuwa usaha wa mfupa uliojificha nyuma ya yale maumivu aliyoyazoea, na mama anayesema "safari hii si kama siku zote" asikilizwe.

Misuli isiyotumika

Misuli ya paja husinyaa kwa kasi inayotisha. Wiki chache ndani ya plasta na unaiona kwa macho. Dawa yake ni mazoezi yasiyosogeza mfupa: kaza paja kana kwamba unalibana goti kwenye godoro, hesabu mpaka 5, achia, rudia. Unaweza kuyafanya ukiwa ndani ya plasta, ukiongea na simu.

Aliyekatwa mguu ana jaribu lake. Kila mtu anataka kumwekea mto chini ya kigutu, kwa huruma. Siku ya kwanza unasaidia kupunguza uvimbe. Ukiendelea, nyonga inajikunja na kukakamaa, na mguu wa bandia hautavalika. Anapaswa kulala kifudifudi nusu saa, mara kadhaa kwa siku, na kigutu kifungwe bandeji kwa umbo linaloelekea kuwa jembamba mwishoni. Chuo cha TATCOT kilichopo KCMC, Moshi, kinafundisha mafundi wa viungo bandia tangu mwaka 1981, na fundi bora hawezi kumsimamisha mtu ambaye nyonga yake imeganda. Tena, mgonjwa akisema kidole cha mguu uliokatwa kinamuuma, aaminiwe. Maumivu hayo ni ya kweli, yanatoka kwenye neva na ubongo, na yana dawa.

Kabla ya karatasi ya kuruhusiwa

Mazoezi ya magongo huanza wodini. Uzito ubebwe na viganja. Kati ya gongo na kwapa pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu, kwa sababu kwapani mna neva, na anayeliegemea gongo kwa kwapa huishia na mkono uliolegea. Kupanda ngazi mguu mzima hutangulia. Kushuka, magongo na mguu mgonjwa hutangulia.

Kisha muuguzi aulize kuhusu choo. Wengi hawaulizi. Mtu aliyewekewa nyonga bandia anarudi kwenye choo cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa ndiyo hasa mkao aliokatazwa, maana nyonga mpya ikikunjwa kupita pembe mraba inaweza kuchomoka. Suluhisho ni kiti cha mbao chenye tundu katikati, ambacho fundi seremala wa mtaani anakitengeneza kwa siku moja akielekezwa urefu. Kitengenezwe kabla mgonjwa hajafika nyumbani. Aulize pia ni nani atamchotea maji, kama kitanda chake ni cha juu au godoro liko chini, nauli ya kurudi kliniki wiki ya sita inatoka wapi, na kama shughuli yake ni bodaboda, watoto watakula nini hadi atakaporuhusiwa kukanyaga. Pale hospitali ilipo na afisa ustawi wa jamii, majibu ya maswali hayo mawili ya mwisho yapelekwe kwake siku hiyohiyo, mgonjwa akiwa bado kitandani.